Muulize Fundi: Skana imegoma kutuma imeili

Shikamoo fundi. Mimi ni karani kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Kurasini. Tuna mashine kubwa ya fotokopi, unaskani hapohapo inatuma kwenye imeili, tumemtumia hivyo mteja nyaraka za mzigo wake miaka yote. Sasa ghafla imegoma, inaandika eti paswedi si sahihi, wakati paswedi ni ileile na kwenye kompyuta inaingia vizuri tu. Aliyekuja kuiangalia anasema bodi imekufa tununue nyingine. Tunatumia Gmail ya kulipia yenye jina la kampuni. Karani, Dar es Salaam

Marahaba karani. Kwanza msinunue kitu, bodi haihusiki kabisa hapo, ingekuwa imekufa hata huo ujumbe wa paswedi msingeuona.

Kilichobadilika ni upande wa Google. Zamani kifaa chochote kikitaja jina na paswedi kinapokelewa, basi. Gmail za bure mlango huo ulifungwa Mei 2022, za makampuni zikafuata 2025. Kompyuta yako inaingia kwa sababu brauza inajua kufungua ule ukurasa wa Google wa kujithibitisha, na simu inakuletea namba unaikubali, sasa fotokopi ya watu itabonyeza wapi?

Dawa ya haraka ipo. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti inayotumiwa na mashine, halafu humohumo utengeneze paswedi ya programu, ni herufi 16, uiweke kwenye mashine pamoja na anwani ya seva ya kutumia, smtp.gmail.com, na poti (namba ya mlango wake) 587. Leo hiihii mnatuma. Ila kwa ofisi mimi siipendi sana, maana mara nyingi utakuta akaunti yenyewe ni ya bosi, na siku bosi akibadilisha paswedi yake kuu Google inafuta paswedi zote za programu, mnarudi palepale na mteja anasubiri. Halafu hiyo paswedi imekaa ndani ya mashine ambayo namba yake ya admini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, kila fundi anaijua.

Ninayoipendelea ni rilei. Nyie wa forodha mnaijua masjala, barua zote za ofisi zinapita sehemu moja ndipo zitoke, rilei ndiyo hiyo kwa imeili. Google wanayo ya kwao, smtp-relay.gmail.com, admini wenu anaiwasha kwenye setingi za Gmail upande wa Routing, anachagua anwani za domeni yenu tu (lile jina la kampuni baada ya @) ndizo zitume, analazimisha TLS, yaani imeili isafiri ikiwa imefichwa, kisha anaandikisha IP ya ofisi, ile namba inayoitambulisha intaneti yenu huko nje, ili mashine isihitaji paswedi.

Hapo kwenye IP ndipo watu wengi wanapoumia. Vifurushi vya bei ya chini vya intaneti IP yake inabadilika, ikibadilika tu rilei inawakataa kwa kosa la 550 5.7.1 na mnaanza tena kuisingizia bodi. Mbaya zaidi kampuni nyingine za intaneti zinawawekea wateja wengi IP moja ya nje, kwa hiyo ukiiandikisha hiyo umemruhusu na jirani usiyemjua atume imeili kwa jina la kampuni yenu!! Ulizeni kabla, na kama IP ya kudumu ni ghali basi msitumie njia ya IP, tumieni ya jina na paswedi ya programu kwa akaunti maalumu ya mashine, sio ya bosi.

Mkiwa na vifaa vingi, yaani fotokopi, rekoda ya kamera, mashine ya alama za vidole na programu ya mahesabu, mimi ningeweka rilei ndogo ndani ya ofisi kabisa. Kompyuta ya zamani yenye mfumo wa Debian inatosha, hata kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi, unaweka Postfix, programu ya kusafirisha imeili ambayo ni bure. Vifaa vyote vinatuma kwake kwa poti 25 ndani kwa ndani bila paswedi, yeye peke yake ndiye anayetunza paswedi na kuongea na Google kwa TLS. Kwenye main.cf, faili la setingi za Postfix, unaandika relayhost = [smtp-relay.gmail.com]:587 na yale mabano usiyasahau, yanaiambia iende kwenye seva hiyohiyo isianze kutafuta MX, yaani seva ya kupokelea barua za jina hilo. Mstari wa mynetworks, unaotaja nani anaruhusiwa kutuma, uwe mtandao wenu wa ndani tu, mfano 192.168.1.0/24, na kwenye ruta usifungue poti 25 kuingia ndani hata ukibembelezwa, vinginevyo matapeli wa dunia nzima watakuwa wateja wenu.

Faida niliyoipenda zaidi ni foleni. Intaneti ikikatika fotokopi nyingi hujaribu kidogo zikakata tamaa, Postfix yenyewe inashikilia mzigo na kurudiarudia mpaka siku 5, na ukiandika mailq unaona nini kimekwama.

Ikigoma bado, angalia saa na tarehe ya mashine (ikiwa inasoma 2010 cheti cha TLS kinaonekana batili) na kama DNS imejazwa, ile seva inayogeuza majina kama smtp.gmail.com kuwa namba za IP. Na skani kwa dpi 300 nyeusi na nyeupe jamani, Gmail mwisho MB 25 na faili likishafungwa kwa ajili ya kusafiri linavimba kama theluthi hivi.

Mambo fundi, niko Mwanza, shule binafsi, tuna Microsoft 365. Printa inawatumia walimu vizuri, ila nikiweka Gmail ya mzazi inakataliwa. Printa inabagua?

Poa. Haibagui, aliyewaunganishia printa aliweka ile anwani inayoishia na mail.protection.outlook.com kwa poti 25 bila paswedi. Njia hiyo inapokea barua za watu wa ndani ya domeni yenu tu, kwa hiyo mwalimu anapata, mzazi hapati, na hakuna setingi ya printa itakayobadilisha hilo. Mnahitaji kiunganishi (connector) kwenye Exchange, sehemu ya imeili ya Microsoft 365, kinachoitambua shule kwa IP ya kudumu au kwa cheti. Kuna smtp.office365.com poti 587 pia, inatuma kokote, ila inataka paswedi na Microsoft wameshatangaza kuiondoa njia hiyo ya paswedi tupu, tarehe wamekuwa wakiisogeza, sasa kwa nini ujenge nyumba kwenye kiwanja chenye X nyekundu? Ukishaweka kiunganishi ongeza IP ya shule kwenye SPF ya domeni, ile orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, ili barua zisiangukie spamu, na uiongeze kwenye mstari uleule uliopo, ukitengeneza SPF ya pili zote mbili zinaharibika.

Salama fundi, nasimamia hoteli huku Kilifi. Rekoda ya kamera ilikuwa inanitumia imeili kukiwa na mtu usiku, sasa Gmail imefunga kutuma. Rilei itasaidia?

Salama ndugu yangu. Haitasaidia, Gmail ya bure mwisho imeili 500 kwa siku, na kamera inayotazama mnazi upepo wa bahari ukivuma inazimaliza kabla ya alfajiri. Subiri hadi saa 24 itafunguka yenyewe. Zima imeili za kila kinachotikisika, acha za diski kuharibika na kamera kukatika tu, taarifa za watu zipokee kwenye programu ya simu ya hiyo rekoda, na uchore eneo la kutazama liwe geti, mnazi ubaki nje.