Jibu: Vile viwingu viwili vya kusini

Ndugu wa Mikindani, umeuliza iwapo vile viwingu viwili hafifu vinavyoonekana kusini usiku wa Desemba, umeme ukikatika, vimo ndani ya galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo Jua letu limo, na wataalamu walijuaje. Havimo. Ni galaksi ndogo jirani, Mawingu ya Magellan, na jibu lilianzia humo humo. Mwaka 1912 mwanaastronomia Henrietta Leavitt, akichunguza picha za kile kidogo zilizopigwa Peru, alionyesha kwamba nyota aina ya Sefeidi, ambazo nuru yake hupanda na kushuka kwa vipindi, huwa na mng'ao halisi mkubwa zaidi kadiri kipindi chake kinavyokuwa kirefu. Basi ukihesabu siku unaujua mng'ao huo, na ukiulinganisha na unaouona unapata umbali, kama mvuvi anavyokadiria ilipo karabai ya mwenzake baharini. Mwaka 1923 mwanaastronomia Edwin Hubble aligundua Sefeidi katika Andromeda, kiwingu kingine cha nuru angani, na hesabu hiyo hiyo ikaiweka mbali nje ya galaksi yetu. Mwaka 1926 alizipanga galaksi kwa umbo: za duaradufu, zenye mikono iliyojipinda, na zisizo na umbo maalumu. Viwingu vyako viliwekwa kundi hili la mwisho, ingawa kile kikubwa, kwa maoni yangu, kilistahili kufikiriwa upya, kwani kina dalili za mkono mmoja.