Ripoti ya ubora wa maji kwa gati la meli za kitalii: anzia nyuma, kwenye viambatisho

Mkuu mleta mada, nimekusoma. Kwa waliochelewa: kwao linajengwa gati jipya la meli kubwa za kitalii, ripoti ya ubora wa maji imewekwa wazi, ina mamia ya kurasa, muda wa kutoa maoni unayoyoma, na muhtasari wake unasema athari zitakuwa "ndogo, za muda na zinazodhibitika". Anauliza aamini au asiamini, na kama hawezi kusoma yote, asome wapi.

Nimefanya kazi upande wa kuchukua sampuli kwa miradi ya aina hii, na baadaye upande wa kukagua ripoti zinapoletwa. Ushauri wangu ni kwamba muhtasari uusome mwisho. Maneno hayo uliyoyanukuu huandikwa karibu kwa kila gati, zuri na baya. Kuna mambo mawili yatakayokuonyesha kama kazi imefanywa: maji yalipimwa wapi na lini, na kama mwandishi amezihesabu meli zenyewe au ameishia siku mkandarasi anapofungasha vifaa vyake.

Fungua kwanza ramani ya vituo vya sampuli, ambayo kwa kawaida imezikwa kwenye kiambatisho. Weka kando yake jedwali la tarehe, kisha tafuta jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la tarehe hizo hizo. Maji ya bamvua (yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) hayafanani hata kidogo. Wakati wa bamvua mkondo una nguvu, tope la chini linanyanyuka lenyewe na maji ya ghuba yanabadilishwa haraka. Wakati wa maji mafu yanatulia na kukaa, na oksijeni ya chini inaweza kushuka. Ripoti iliyopima upande mmoja tu imepima nusu ya bahari. Fanya hivyo hivyo kwa msimu wa mvua na wa kiangazi, hasa kama kuna mto karibu.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa ofisini hawalifikirii: bahari ikichafuka, boti ya sampuli haitoki. Si uzembe, ni usalama wa watu. Lakini matokeo yake ni kwamba jedwali la "hali ya awali" hujaa siku nzuri zenye maji maangavu. Dawa yake ni kifaa cha kurekodi kinachofungwa kwenye boya au kwenye sakafu ya bahari, kipime chenyewe usiku na mchana kwa wiki kadhaa, dhoruba ije isije. Kama ripoti yako ina data ya vifaa hivyo, ipe alama. Kama ina chupa tu zilizojazwa mara chache, uliza kwa nini.

Angalia pia kina cha kila sampuli. Kwenye ghuba inayopokea mto, maji baridi mepesi, yaani yasiyo na chumvi, hulala juu ya maji ya chumvi mazito, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki kirahisi. Juu unaweza kukuta oksijeni ya kutosha huku chini samaki wanatweta. Anayechota nusu mita chini ya uso peke yake hajakwambia lolote kuhusu mahali tope litakapotua.

Na kituo cha ulinganisho. Hiki ndicho kinachotumika wakati wa ujenzi kusema "maji karibu na mtambo wa kuchimba sakafu ya bahari yamechafuka kuliko kawaida kwa kiasi fulani". Kinatakiwa kiwe kwenye maji ya aina ile ile, ila mbali na wingu la tope la mradi. Niliwahi kukagua mradi ambao kituo chake cha ulinganisho kilikuwa mdomoni mwa mto. Maji ya pale yalikuwa ya kahawia karibu mwaka mzima, kwa hiyo mkandarasi hakuvuka kikomo hata siku moja, na hata angemwaga lori la udongo asingevuka. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sahihi. Ilitosha kuitazama ramani dakika mbili kuliona hilo, na hakuna aliyeitazama.

Ukimaliza hapo nenda kwenye mashapo, yaani tope na mchanga wa chini. Kwangu mimi hii ndiyo sura nzito kuliko zote. Swali la kwanza ni ukubwa wa chembe. Chembe ndogo inapozama kwenye maji yaliyotulia, kasi yake hufuata mraba wa kipenyo: ikiwa ndogo mara 10, inazama polepole mara 100. Mchanga laini wa kipenyo cha milimita 0.1 utashuka mita 10 kwa dakika kama 20. Tope la milimita 0.01 litahitaji zaidi ya siku nzima kwa kina hicho hicho, na muda wote huo mkondo unalibeba. Ni kweli chembe za mfinyanzi hugandana kwenye maji ya chumvi na kushuka upesi kuliko hesabu hiyo, ila picha kubwa haibadiliki. Kwa hiyo ukiona "wingu la tope litaishia mita chache kutoka eneo la kazi", rudi kwenye jedwali la chembe. Kama sehemu kubwa ni tope jororo, maneno hayo yanahitaji ushahidi.

Swali la pili ni sampuli za mashapo zilishuka kina gani. Kijiko cha kunyakua huchota sentimita chache za juu. Mtambo wa kuchimba kina utashuka mita kadhaa. Kwenye bandari ya zamani, uchafu wa miaka ya nyuma mara nyingi umefunikwa na tope jipya safi, na ndio utakaofukuliwa. Mfano mzuri ni TBT, kemikali yenye madini ya bati iliyowekwa kwenye rangi za meli ili viumbe wa baharini wasigande chini yake. Ilisababisha konokono wa kike wa baharini kuota viungo vya kiume, na mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulianza kutumika mwaka 2008. Rangi imeondoka, lakini iliyobanduka bado imelala kwenye matope ya bandari nyingi, pamoja na shaba, zebaki na mabaki ya mafuta. Dai sampuli za bomba refu, zifike kina kile kile kitakachochimbwa. Dai pia jaribio la kuchanganya tope hilo na maji ya mahali hapo, kisha maji yenyewe yapimwe, maana kilichomo ndani ya tope si lazima kiachie chote, na kinachoachia ndicho samaki atakachokutana nacho. Usisahau kuuliza tope lililochimbwa linapelekwa wapi. Ripoti nyingine humaliza hadithi pale linapopakiwa kwenye tishari.

Kuna mchezo mmoja ambao nimeuona mara nyingi mno. Sura ya kinga inasema "pazia la tope litatumika", yaani kile kitambaa kinachoning'inizwa kutoka kwenye maboya kuzuia wingu lisisambae. Ni kifaa kizuri, kwenye maji yaliyotulia. Mkondo ukikaribia nusu mita kwa sekunde na kuendelea, kitambaa kinapeperuka na kunyanyuka, na tope linapita chini yake. Sasa fungua sura ya mikondo ya ripoti hiyo hiyo. Ukikuta kasi kubwa kuliko hiyo, ujue sura hizo mbili ziliandikwa na watu ambao hawakuwahi kukaa meza moja.

Kama unadhani makadirio yakikosea hukosea kidogo tu, tafuta habari za uchimbaji wa kina wa bandari ya Miami, 2013 hadi 2015. Tope lilienea na kufunika matumbawe kuliko ilivyotabiriwa, na utafiti uliochapishwa 2019 ulikadiria kuwa matumbawe zaidi ya nusu milioni yalikufa ndani ya nusu kilomita kutoka kwenye njia ya meli iliyochimbwa.

Nguzo nitapita haraka. Gati la nguzo au linaloelea kwenye maji yenye kina cha asili huchafua maji kwa kiasi kidogo sana kuliko linalohitaji kuchimba, na kama mradi wako ni wa aina hiyo, sehemu kubwa ya hofu niliyoieleza hapo juu inapungua. Angalia tu nguzo za mbao zimepakwa dawa gani, na zege bichi linadhibitiwa vipi, kwa sababu maji yanayotoka kwenye zege bichi yana pH ya karibu 12, yaani alkali kali.

Tuje kwenye meli, sehemu ambayo ripoti nyingi huipa kurasa mbili wakati ujenzi umepewa mia mbili. Ujenzi ni wa miezi. Meli zitakuja kwa miongo.

Meli kubwa za kitalii za sasa huzama mita 8 hadi 9 hivi. Tofauti kati ya tumbo la meli na sakafu ya bahari ndiyo namba unayoitafuta. Meli inapojisogeza kwenye gati, rafadha za nyuma na zile za pembeni hupuliza mkondo wenye nguvu kuelekea chini, na kama nafasi hiyo ni ya mita chache tu juu ya tope, kila kuwasili na kila kuondoka ni uchimbaji mdogo. Zidisha kwa idadi ya meli kwa msimu. Huko Key West, Florida, maji yaliyovurugwa na meli yalikuwa moja ya hoja kuu zilizowafanya wapiga kura, Novemba 2020, wapitishe kikomo cha watu 1,300 kwa meli. Mwaka uliofuata jimbo likaifuta kura hiyo kwa sheria. Siasa tuiache. Ninachotaka uone ni kwamba gati lilikuwa limejengwa zamani, na tope lilikuwa bado linanyanyuka. Ripoti yako iwe na hesabu ya mkondo wa rafadha, ikitumia meli kubwa kuliko zote zitakazoruhusiwa, si "meli ya wastani".

Kuhusu maji taka, utaambiwa "meli zinafuata MARPOL", yaani mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotoka kwenye meli. Sawa, ila soma MARPOL inasema nini. Kiambatisho chake cha IV kinataka maji ya vyooni ambayo hayajatibiwa yamwagwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, na yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu zaidi ya maili 3. Lakini meli yenye mtambo wa kutibu ulioidhinishwa inaweza kumwaga karibu zaidi ya hapo. Na maji ya bafuni, jikoni na kufulia, ambayo ndiyo mengi zaidi, hayamo kabisa kwenye kiambatisho hicho. Kwa hiyo "tunafuata MARPOL" haitoshi kwa ghuba iliyofungwa. Kinachotakiwa ni sharti la gati lenyewe: hakuna kumwaga ukiwa umefunga kamba hapa, na kuwe na bomba la kupokea nchi kavu.

Kuna na maji ya kuosha moshi. Tangu 1 Januari 2020 mafuta ya meli hayaruhusiwi kuzidi salfa asilimia 0.50, isipokuwa meli iwe na mtambo wa kuosha moshi. Mtambo wa aina ya wazi huvuta maji ya bahari, huyapitisha kwenye moshi na kuyarudisha yakiwa na tindikali, metali kama vanadi na nikeli, na mabaki ya mafuta yaliyoungua. Kiwango cha kukokotolea kinachotumika kwenye miongozo ya kimataifa ni mita za ujazo 45 kwa kila megawati-saa. Chukua meli inayotumia megawati 8 ikiwa imefunga gatini kwa saa 10: ni mita za ujazo 3,600 kwa ziara moja. Denmaki imepiga marufuku umwagaji huo kwenye maji yake kuanzia Julai 2025, na bandari nyingi zina katazo lake. Gati jipya halina sababu ya kuanza bila katazo hilo. Uliza pia kuhusu umeme wa nchi kavu ili meli izime mitambo yake. Juneau, Alaska, walianza kuwapa meli za kitalii umeme huo tangu 2001, kwa hiyo asikwambie mtu ni teknolojia ya kesho.

Mwisho ni masharti. Sentensi kama "ubora wa maji utafuatiliwa" haina meno. Yenye meno inataja namba ya kikomo, umbali ambapo itapimwa, kila baada ya muda gani, na jina la cheo cha mtu atakayesimamisha mtambo ikivukwa. Angalia kasi ya majibu pia: wingi wa tope hupimwa kwa kifaa papo hapo, metali husubiri maabara kwa siku au wiki, kwa hiyo kikomo cha kusimamisha kazi lazima kiegemee kwenye kifaa. Na jua ni mamlaka gani yenye nguvu ya kuweka masharti hayo, maana mara nyingi si ile inayotoa kibali cha ujenzi. Marekani kwa mfano, kifungu cha 401 cha Sheria ya Maji Safi kinaipa serikali ya jimbo nafasi ya kukataa mradi au kuuwekea masharti kabla kibali cha taifa hakijatoka. Kwenu kutakuwa na mlango wake, utafute mapema.

Ukiandika maoni, usiandike "tunapinga uchafuzi". Wataipokea, wataishukuru na kuiweka kwenye faili. Andika ukurasa, jedwali, na swali: "Ukurasa fulani unasema mkondo ni mita 0.8 kwa sekunde, ukurasa fulani unategemea pazia la tope, litafanyaje kazi?" Swali la namna hiyo mamlaka nyingi zinalazimika kulijibu kwa maandishi. Omba pia faili la data ghafi, si majedwali ya wastani, na uliombe leo, kwa sababu likichelewa hadi baada ya tarehe ya mwisho hutaweza kulitumia. Ukilipata, bandika hapa ramani ya vituo na jedwali la tarehe, tutalipitia pamoja.