Uzuri upo, ila watu wako wapi?

Wiki hii mmeuliza kwa nini magofu ya viwanda yanapendeza machoni na hapohapo yanatia huzuni. Jambo hili linanigusa sana kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Kiwanda kikiwa hai huwezi kukiangalia ukakimaliza, kuna makelele, moshi, malori yanapishana, na mlinzi anakufukuza getini. Kikishakufa ndo unaona kumbe paa lilikuwa juu hivyo, kumbe jua likipita kwenye vioo vilivyovunjika linafika mpaka katikati ya sakafu. Halafu kutu! Wengi wanaona rangi tu, lakini sogea kwenye nguzo ya zege uone: nondo ya ndani ikipata maji na hewa inashika kutu, na kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi inavimba na kulipasua zege kutokea ndani, vipande vinadondoka kimoja kimoja mpaka nondo zinabaki wazi. Hapo halijaguswa na nyundo ya mtu. Mi naona ni pazuri kweli.

Sasa huzuni. Hashima, kile kisiwa cha Japani cha makaa ya mawe, mwaka 1959 kilikuwa na watu zaidi ya 5,000 wamebanana kwenye maghorofa, mgodi ukafungwa Januari 1974 na kufika Aprili kisiwa kitupu, watu wote washahamishwa. Na wakati wa vita kuna Wakorea na Wachina waliolazimishwa kuchimba mle chini, hilo kwenye mapicha yanayosambaa hulioni. Au Humberstone, mji wa machimbo jangwani Chile, walikuwa wanatoa nitrati ya mbolea na baruti, huko Ujerumani wanakemia Haber na Bosch wakapata njia ya kutengeneza amonia kwa naitrojeni ya hewani, nayo amonia inatoa mbolea na baruti zilezile, soko la nitrati likaporomoka, wakajikongoja hadi 1960 wakafunga. Yule mchimbaji alikosea nini? Alidamka kila siku akaenda zamu, kilichomla kazi yake kimetoka maabara ambayo hata hajawahi kuisikia.

Ndo maana zile picha za magofu zisizo na mtu hata mmoja zinaniudhi, zinachukua uzuri zinaacha wenyewe. Bora walivyofanya Duisburg, Ujerumani: kiwanda cha chuma kilifungwa 1985, hawakukivunja chote, wakakifanya bustani ya watu wote, unapanda tanuru lenyewe hadi juu, na tangi la gesi limejazwa maji watu wanapiga mbizi humo. Angalau watu wamerudi.

Kwa hiyo mkichapisha picha hizi tena naomba pembeni muandike palitengenezwa nini, zamu ilianza saa ngapi, na siku geti linafungwa wale wafanyakazi waliondoka na nini mkononi.