Kabla Hujampa Mbwa Wako Mfupa Mbichi

Kwa miaka mitatu nilipita buchani kila Jumamosi kuchukua mfupa wa muundi wa ng'ombe kwa ajili ya mbwa wangu, Chui, nikiamini kwamba kuutafuna kulimsafisha meno. Kweli chonge zake zilikuwa nyeupe. Kisha nikaona anatafunia upande mmoja na chakula kinamdondoka, na daktari wa mifugo alipomfunua kinywa tulikuta gego kubwa la juu, lile linalokata nyama kama mkasi, limepasuka hadi kiini chake kiko wazi. Liling'olewa akiwa chini ya nusukaputi, na sina shaka kwamba mfupa ule ndio uliolivunja.

Sisemi kwamba mfupa mbichi hauna faida. Ukoga unaobaki kwenye jino hugandishwa na madini ya mate ukawa ugaga katika siku chache, na kutafuna hukwangua sehemu yake. Lakini ugonjwa wa fizi hukomaa chini ya ufizi, mahali ambapo mfupa haufiki, ndiyo maana weupe wa jino ulinidanganya.

Leo kabla ya kumpa chochote hukibonyeza kwa ukucha wa dole gumba, na kama hakiachi alama hata kidogo, hakiingii kinywani mwake. Muundi na paja la ng'ombe nimeviacha kabisa. Humpa kipande cha shingo chenye minofu, kikubwa kuliko kinywa chake ili asikimeze kizima, nami hukaa naye hadi nitakapokiondoa. Mifupa iliyobaki kwenye supu usimpe kamwe, kwa kuwa mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kumtoboa utumbo.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni mapafu na maini mabichi yanayotupiwa mbwa machinjioni. Malengelenge ya maji yaliyomo huweza kuwa na viluwiluwi vya tegu ambaye hukomaa ndani ya utumbo wa mbwa, na mayai yake, yakitoka na kinyesi na kumwingia binadamu, humfanyia mafuko ya maji kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imeteseka kwa ugonjwa huu kwa miaka mingi. Viungo hivyo vichemshwe vizuri. Nyama mbichi pia huweza kubeba bakteria ya salmonela, ambayo friza haiiui, kwa hiyo nawa mikono, osha bakuli, na usiwaache watoto wachezee mfupa uliotafunwa.

Kilicho bora kuliko mfupa wowote ni mswaki laini kila siku, pamoja na dawa ya meno iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Yetu sisi binadamu ina floraidi, na nyingine huwa na zailito, kitia utamu kinachotumika badala ya sukari, ambayo ni sumu kwake. Nilianza kwa kidole kilichofungwa kitambaa, nikisugua meno mawili matatu tu, na ilichukua wiki kadhaa kabla Chui hajakubali mswaki wenyewe. Sasa kila jioni huja akalaza kichwa kwenye goti langu, nami huinua mdomo wake wa juu na kuanza na pengo la gego lile, kisha magego ya nyuma.