Anti Nijibu: Nimepata nafasi ya utafiti wa VVU Afrika Kusini, mama hataki niende

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa miaka 23, nasoma afya ya jamii mwaka wa tatu hapa Mwanza. Nimechaguliwa kwenda KwaZulu-Natal miezi mitatu, kwenye kituo kinachofanya utafiti wa kinga ya VVU kwa vijana, nauli na malazi wanalipa wao. Sasa mama amegoma kabisa, anasema huko watu wanajaribiwa madawa na mimi nitarudi na ugonjwa. Halafu Kizulu sijui hata salamu, na kumuuliza mtu mambo ya chumbani naona aibu. Na naogopa nisije nikaishia kupiga fotokopi tu. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera, nafasi kama hizi wengi wanaziomba na hawazipati.

Tuanze na mama. Usibishane naye, kaa naye chini umweleze kwamba mwanafunzi anayejifunza utafiti na mshiriki wa utafiti ni watu wawili tofauti, mshiriki anasomewa fomu ya ridhaa, anaielewa, anasaini kwa hiari yake na anaweza kujitoa siku yoyote, wewe hiyo fomu huisaini kwa sababu siyo mshiriki, na hakuna dawa utakayopewa. Na kila utafiti lazima upite kwanza kwenye kamati ya maadili. Mwombe supavaiza wako wa huko ampigie mama WhatsApp, wazungumze hata dakika kumi, mzazi akisikia sauti ya mtu mzima anayewajibika anapoa. Mama hana kosa, anakulinda.

Hiyo aibu yako sasa, hapo nitakaa kidogo maana ndiyo kazi yenyewe. Kati ya 2009 na 2012 kulifanyika utafiti mkubwa unaitwa VOICE, wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe walipewa dawa ya kujikinga na VVU ya kutumia kila siku, wengine vidonge wengine jeli ya ukeni. Walipoulizwa kama wanatumia, majibu yalionyesha karibu asilimia 90 ya dozi zinatumika. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana kwenye chini ya theluthi moja ya sampuli. Mabinti hawakuwa wabaya jamani, hebu fikiria unakaa na mama mkwe au na boyfriend, chupa ya vidonge inagonga kwenye mkoba, mtu akiiona tu anasema huyu anameza ARV, kumbe ni kinga. Utamweleza nani akuelewe? Unaificha, unaacha kumeza, na kliniki unasema nazitumia vizuri daktari, kwa sababu nesi amekukazia macho.

Ndiyo maana sindano ya kinga imeleta furaha kubwa hivi. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya lenacapavir, sindano ya kila miezi sita, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 Afrika Kusini na Uganda, na kati ya wanawake 2,134 waliopewa hiyo sindano hakuna hata mmoja aliyepata VVU. Hata mmoja! Mimi niliposoma nilinyanyuka kwenye kiti. Lakini bado kuna kazi ya kujua binti ataifikiaje hiyo sindano bila kusimangwa, na hilo maabara haiwezi kujibu, linajibiwa na mtu aliyekaa akamsikiliza.

Na usiende na fikra kwamba vijana hawana elimu ukawape elimu. Hapo hapo kwenu Mwanza kulikuwa na MEMA kwa Vijana, ilianza miaka ya mwisho ya 90, wakafundisha mashuleni na kuboresha huduma za vijana zahanati, uelewa ukapanda kweli, maambukizi ya VVU hayakushuka. Kule KwaZulu-Natal watafiti walifuatilia vinasaba vya virusi, wakaona mabinti wa chini ya miaka 25 wanaambukizwa zaidi na wanaume waliowazidi kwa wastani karibu miaka tisa. Sasa binti ambaye nauli, vocha na taulo za kike vinatoka kwa sponsa utamwambia sema hapana, halafu kesho ale nini? Ukilijua hilo maswali yako yatabadilika, utaanza na siku yake inaendaje, nani anamsaidia, kliniki anapokelewaje, ya chumbani atayasema mwenyewe akikuamini.

Kizulu kisikutishe, mahojiano utafanya na msaidizi wa pale anayeijua lugha na mitaa, ila jifunze salamu kabla hujapanda ndege. Jifunze na sheria yao, mtoto wa miaka 12 anaweza kupima VVU bila mzazi lakini kushiriki utafiti chini ya miaka 18 mzazi anatakiwa aridhie, kwetu Tanzania kupima bila mzazi ni kuanzia miaka 15 tangu 2019. Na selfi za kliniki hapana kabisa mwanangu, binti aliyekaa kwenye benchi nyuma yako ana shangazi mwenye simu.

Hayo mafotokopi yanazuiwa na barua pepe ya leo. Uliza utafiti unaitwaje, kazi yako ni ipi hasa, data gani utaruhusiwa kuandikia ripoti yako na jina lako litakaa wapi. Uliza pia nani anafadhili na pesa ikikata katikati nani anakurudisha nyumbani, maana 2025 Marekani iliposimamisha misaada baadhi ya tafiti za Afrika Kusini zilisimama ghafla. Ya kuingia nchini uliza ubalozi wao kwa maandishi, ruhusa ya matembezi siyo ruhusa ya kufanya utafiti.

SWALI: Anti, mimi naishi na VVU na natumia dawa vizuri, naweza kuomba nafasi kama hizo? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Omba mpenzi, tena uombe mapema. Afrika Kusini haikupimi VVU ili uingie, na wewe ukiwa na virusi visivyoonekana kwenye kipimo humwambukizi mwenzi wako. Kuwaambia wenyeji wako wa huko au kutowaambia ni uamuzi wako. Kliniki yako waombe dawa za miezi yote utakayokaa na ziada kidogo, pamoja na barua ya daktari, na vidonge vibaki kwenye makopo yake na uvibebe kwenye begi la mkononi, siyo lile linaloingia chini ya ndege.