Mtoto anayetibiwa saratani na uchovu usioisha

Pole sana, dada. Umeuliza kama mwanao kulala kutwa ni uvivu au dawa. Si uvivu hata kidogo, usimgombeze. Dawa za saratani hupunguza chembe nyekundu za damu, na uchovu wa namna hii hauishi kwa usingizi tu. Mwambie daktari aangalie wingi wa damu, maumivu, lishe, hata huzuni. Mara nyingi hupatikana jambo linalotibika. Kumlaza siku nzima humdhoofisha zaidi. Mpe michezo mifupi saa anazochangamka, hata kutembea chumbani, kisha apumzike. Ila akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, akihema kwa shida au akiwa mgumu kuamka, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.