Samaki wa Japani: uliza kilichoingia leo

Maswali ya safari hii karibu yote yanatoka kwa watu wanaokwenda Japani kwa masomo, biashara au matembezi, na wanataka kula samaki pale wanapokula wenyeji. Nimekaa nchi ile miaka sita, na vimgahawa vya bandarini ndivyo vilivyonifanya niipende. Nimejibu kwa kadiri nilivyoona na kuonja mwenyewe.

Mimi na mke wangu tutakuwa Tokyo siku nne, mwezi wa Novemba. Tumeambiwa soko la samaki la Tsukiji lilifungwa. Twende wapi? (Msomaji, Tanga)

Mmeambiwa nusu ya habari. Soko la jumla, lile la mnada wa jodari, lilihamia Toyosu Oktoba 2018. Vichochoro vya nje vya Tsukiji vimebaki palepale, na maduka yake ya visu, mwani, mayai ya kukaanga na vibanda vya wali uliofunikwa samaki. Fikeni saa moja asubuhi. Ikigonga saa nne mtakuwa mnasukumana na wageni wenzenu. Toyosu nako kuna migahawa ndani ya majengo ya soko, ila angalieni kalenda kwanza, maana Jumapili soko hupumzika na Jumatano nyingi vilevile.

Lakini kama ningekuwa ninyi, siku moja kati ya hizo nne ningeipeleka Misaki. Ni bandari iliyo kwenye ncha ya rasi ya Miura, kusini mwa Tokyo. Mnapanda treni ya Keikyu kutoka Shinagawa hadi Misakiguchi, saa moja na kitu, kisha basi hadi majini. Keikyu wenyewe huuza tiketi ya siku inayojumlisha treni, basi na mlo wa jodari, na hiyo inawaondolea hesabu nyingi. Misaki ni mji wa meli za jodari zinazokwenda mbali, na meli za Japani huvua mpaka Bahari ya Hindi yetu hii. Samaki hugandishwa humo humo melini kwa baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri.

Wageni wengi wakifika pale huagiza vipande vyekundu vya sashimi, yaani samaki mbichi, wakashiba, wakaondoka. Ninyi ni watu wa pwani. Ulizeni kichwa. Kichwa kizima cha jodari huokwa kwa saa kadhaa, hivyo sehemu nyingine hutaka oda mapema. Kikija mezani, nyama ya shavuni inaachia mfupa kwa kuguswa tu na vijiti, na ile ya nyuma ya jicho ina ute na mafuta ambayo mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa.

Sijui Kijapani hata neno, na nimesikia migahawa midogo huandika vyakula ukutani kwa mkono. Nitaagizaje? (Msomaji, Nairobi)

Herufi zao ni ngumu, sauti zao ni nyepesi. Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, a, e, i, o, u, na ukisoma "sumimasen" kama ilivyoandikwa hapa, yule mama wa jikoni atageuka. Hiyo ni neema kwetu, itumie. Sumimasen ni samahani, na ndiyo inayotumika kumwita mhudumu. Kisha sema: "Osusume wa nan desu ka?" Yaani, unanishauri nile nini? Basi. Swali hilo limenilisha vizuri kuliko menyu yoyote yenye picha, kwa sababu mwenye mgahawa anajua ni samaki gani aliyeingia alfajiri na yupi amelala tangu juzi.

Mara ya kwanza nililiuliza Hakodate, kaskazini, wakati wa theluji, kwenye kimgahawa chenye viti sita nyuma ya soko la asubuhi. Mama mmoja mzee alifungua friji, akatoa samaki aliyepasuliwa mgongo na kukaushwa kidogo, akamnyanyua kwa mkia nimuone. Hokke, alisema. Nilimfikiria ng'onda wa kwetu, ila huyu alikuwa na chumvi kidogo na mafuta mengi. Alimweka motoni, upande wa ngozi ukavimba na kupasuka, na harufu ikajaa chumba kizima. Alipoletwa alizidi sahani pande zote mbili. Pembeni palikuwa na kichuguu cha figili iliyokwaruzwa, juu yake tone la sosi ya soya. Nikaanza kumdonoa kama kuku. Yule mama hakusema neno. Alikuja upande wangu, akachukua vijiti vingine, akaubana uti wa mgongo karibu na mkia, akaunyanyua taratibu mpaka ukatoka mzima. Kisha akanielekeza kwenye zile nyuzi za nyama zilizobaki zimeng'ang'ania mfupa. Hapo ndipo penyewe, na ni kweli.

Mchana tafuta neno "teishoku". Ni seti: samaki, wali, supu ya miso (soya iliyosagwa na kuchachushwa) na achari, na mara nyingi inapatikana kati ya yeni 1,000 na 1,500. Jioni, samaki yuleyule akiuzwa peke yake bei hupanda.

Na kuna herufi mbili uzikariri kwa macho hata kama hutajifunza nyingine: 時価. Husomwa "jika", maana yake bei ya siku hiyo. Hukaa mahali ambapo ungetegemea kuona tarakimu, hasa kwa kaa, kamba koche na chaza wakubwa. Si hila, kwa sababu bei ya mnada hubadilika kila asubuhi, lakini uliza "ikura desu ka?" kabla ya kukubali. Mimi sikuuliza, nikalipa yeni 8,000 kwa kaa mmoja ambaye sikuwa na njaa naye.

Tulikaa mgahawani Osaka jioni, tukaletewa vibakuli vya ngisi na mboga ambavyo hatukuagiza. Kwenye bili vikahesabiwa! Tumeibiwa? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, dada yangu. Kile huitwa otoshi, na huko Osaka watu wengi husema tsukidashi. Kwenye migahawa ya jioni inayouza pombe, kibakuli hicho ndiyo ada ya kiti. Kawaida ni yeni 300 hadi 500 kwa kila mtu, na huletwa ukishakaa tu. Ukile, maana ndani yake mpishi huonyesha mkono wake. Kama ni kitamu, kaa uagize. Kama ni baridi na hakina ladha, kunywa chai yako, lipa, ujaribu mlango wa pili. Baada ya hapo hakuna bahashishi ya kumwachia mtu.

Tuko vijana wanne tunaosoma Maskati, tunakwenda Osaka na Kyoto. Tunakula halali. Kwa kuwa ni samaki, si tuko salama? (Msomaji, Oman)

Samaki mwenyewe hana shida, shida iko kwenye mapishi. Samaki wa kuchemshwa kwa sosi, "nitsuke", karibu kila mara hupikwa kwa sake, ambayo ni pombe ya mchele, na mirin, ambao ni mvinyo mtamu wa mchele. Teriyaki, samaki wa kuchoma anayepakwa sosi tamu, ni hivyohivyo, na mchuzi unaopakwa mkunga wa kuchoma pia. Wali wa sushi hutiwa siki, sukari na chumvi, ila wapo wapishi wanaoongeza mirin. Sosi ya soya na miso huchachushwa, na nyingine huongezwa pombe kidogo zisiharibike. Na muwe macho na supu inayoitwa tonjiru. Inaonekana kama miso ya kawaida, lakini ndani mna nyama ya nguruwe, na migahawa mingine huitoa pamoja na samaki bila kusema.

Kinachobaki ni kingi na kizuri. Agizeni "shioyaki", samaki wa chumvi na moto, na hata hapo ulizeni kama amenyunyiziwa sake. Sashimi ni samaki mtupu: mkikamulia ndimu na chumvi, imetosha. Kobe ni jirani na Osaka, na pana msikiti wa mwaka 1935, wa kwanza kujengwa Japani. Karibu na hapo kuna maduka ya halali, nunueni kichupa cha sosi ya soya mtembee nacho. Pia mwombeni mtu awaandikie kadi ya Kijapani yenye maneno haya: "Sili nguruwe, wala chakula kilichotiwa sake au mirin." Ionyesheni kabla ya kukaa. Wapishi wa huko wakijua mapema hujitahidi sana. Wakiona hawawezi watasema, na ni afadhali kuambiwa mlangoni. Hukumu ya pombe kidogo inayotokana na uchachu waulizeni masheikh wenu. Mimi si mwanazuoni na sitaki kuwabebesha jibu langu.

Samaki mbichi hawaleti minyoo? Mke wangu ni mjamzito na dada yake anamshawishi aonje. (Msomaji, Dodoma)

Huleta. Yuko mnyoo anayeitwa anisakisi, hukaa kwenye samaki wa jamii ya vibua, kwenye ngisi na wengineo, na akifika tumboni akiwa hai husababisha maumivu makali ndani ya saa chache. Siki haimuui, chumvi haimuui, wala wasabi, kile kiungo kikali cha kijani. Humuua moto, au kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi. Wapishi wa Japani humpunguza kwa kutoa matumbo mapema na kukagua kila kipande kwa macho. Mkeo asile mbichi safari hii. Na jodari wakubwa, hata wakipikwa, asiwazidishe kwa sababu ya zebaki. Ale samaki wa kuchoma na vibua wa kukaanga kwa chenga za mkate, "aji furai", hatakosa raha.

Nawaomba pia mnaorudi nyumbani na hamu ya sashimi: msiende Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, mkanunua jodari mkamkata mbichi. Mvuvi wa Japani anayelenga sashimi humchoma samaki ubongoni papo hapo, akamtoa damu, akapitisha waya kwenye uti wa mgongo, akamlaza kwenye barafu. Njia hiyo huitwa ikejime. Jodari wetu wengi huvuliwa kwa ajili ya sufuria, na akikaa juani hujenga sumu ya histamini ambayo hata kumpika hakuiondoi. Kosa si la wavuvi wetu. Samaki huyu hakuandaliwa kwa kazi hiyo.

Fugu ndiye bunju wetu? Kwa nini wale na sisi tutupe? (Msomaji, Pemba)

Ni ukoo mmoja. Sumu yake, tetrodotoksini, hujikusanya hasa kwenye maini na mayai, haivunjwi na moto, na haina dawa ya kuipinga. Mtawala Hideyoshi alipiga marufuku kumla mwishoni mwa karne ya 16. Baadaye waziri mkuu Ito Hirobumi alimwonja Shimonoseki, na mwaka 1888 mkoa wa Yamaguchi ukaruhusu. Leo anayemtayarisha lazima awe na leseni, na maini hayaruhusiwi kabisa mgahawani. Mwaka 1975 mwigizaji mashuhuri wa kabuki (maigizo ya jadi ya Japani), Bando Mitsugoro wa 8, alikula maini hayo Kyoto, akafa.

Ukitaka kumwonja, nenda Shimonoseki kwenyewe, ambako humwita "fuku", neno la bahati. Soko la Karato huwa na meza za sushi Ijumaa hadi Jumapili. Hukatwa vipande vyembamba mpaka maua ya sahani yanaonekana chini yake. Ladha ni ya upole, utamu wake uko kwenye kutafuna. Ila wewe wa Pemba, ukimkuta wavuni, endelea kumtupa. Aina ni nyingi, sumu inatofautiana, na hakuna kijiji chetu chenye mtu wa leseni ile.

Nilikuta milango imefungwa saa tisa alasiri, siku tatu mfululizo. Kwa nini? (Msomaji, Kigali)

Uliwahi jioni na ukachelewa mchana. Vimgahawa hivi hufungua saa tano asubuhi, hupokea oda ya mwisho kama saa saba na nusu, kisha hufunga mpaka saa kumi na moja jioni. Angalia kitambaa kinachoning'inia mlangoni, noren. Kikiwa nje, ingia. Kikiwa kimetolewa na kuwekwa ndani, mwenye duka yuko nyuma anasafisha samaki wa jioni.